Glavu Zenye Vifungo

Swali ninalolichukia kuliko yote ni lile la kwa nini sikucheza mpira wa kikapu. Nimeulizwa na Wazungu kwenye lifti, nimeulizwa na Wakongomani wenzangu mlangoni mwa kanisa, nimeulizwa hata na daktari akiwa ameshika goti langu lililovimba. Wote huuliza wakitabasamu, kana kwamba wananifanyia hisani. Zamani nilikuwa najibu kwa adabu. Siku hizi namwuliza aliyeniuliza kwa nini yeye hakuwa rubani, na akikosa jibu tunabaki tunatazamana mpaka ghorofa yake ifike.

Nilicheza hoki ya barafuni. Niliicheza kwa kulipwa, miaka na miaka, hapahapa Toronto na kwingineko, na ninaposema hivyo sitaki mtu aniongezee lile neno lao. Ati "hata mkimbizi alifika kule." Mkimbizi hakufika kokote. Nilifika mimi, beki wa kushoto, mwenye miguu mirefu na jicho la kuona kisahani kinakoelekea kabla aliyekipiga hajaamua. Kisahani ni kile kiduara cheusi cha mpira mgumu tunachokigombea kwa fimbo. Kikikupata mahali pasipo na kinga utamwita Mungu kwa lugha zote unazozijua, na mimi nazijua nne.

Tulifika Flemingdon Park, mtaa mmoja wa Toronto, katikati ya baridi, mama na mimi tu. Tulitoka kambini Kigoma, na kabla ya kambi tulitoka Uvira, alikobaki baba kaburini. Shule yangu ilikuwa inawapeleka watoto wageni kujifunza kuteleza barafuni, kwa viatu vya kuazima. Siku ya kwanza nilianguka mpaka makalio yakafa ganzi. Mtoto mmoja mwenye kofia nyekundu akacheka, akawaita wenzake waje waone. Nikajiambia moyoni, cheka tu, ndugu yangu, cheka vizuri. Kufikia masika yule mtoto alikuwa hawezi kunipita hata nikiwa nimeshika sandwichi mkononi.

Mama alikuwa anashona magodoro kiwandani, kitambaa kizito kinachovunja sindano za watu wengine. Nyumbani alikuwa na cherehani yake karibu na dirisha linalotazama bonde, na aliamini hakuna kitu duniani kilichoharibika ambacho uzi hauwezi kukirudisha. Mwaka ule wa kwanza nilipoteza glavu za baridi mara kwa mara, nikarudi na vidole vimekufa. Mama hakunipiga. Alichukua kamba, akaishona kwenye glavu ya kulia, akaipitisha kamba ndani ya mikono ya koti mgongoni, akaishona na kwenye glavu ya kushoto. Basi zikawa zinaning'inia mikononi mwangu kama nyanya kwenye mche. Darasa zima lilinicheka, lakini sikupoteza glavu tena.

Nilipoanza hoki, kazi ikawa ileile. Glavu ya hoki ni nene juu, ila kiganjani ni ngozi laini ili uisikie fimbo, na kiganja ndicho kinachotoboka kwanza. Mama alikuwa anakata ngozi mpya, anashona kiganja upya, na mshono wake ulikuwa hauumi mkono. Hata nilipoanza kulipwa, mtunza vifaa wa timu yetu, mzee mmoja wa maneno machache, alikagua kazi yake akaipindua pindua, kisha akasema kuanzia leo za kwako zipeleke nyumbani. Ndiyo sifa pekee niliyowahi kumsikia akiitoa.

Kutazama mechi, ng'o, hakuja hata siku moja. Alisema nikicheza yeye akiwa kando, Mungu atakuwa na watu wawili wa kuwaangalia badala ya mmoja.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo mtu asiyeijua hoki atadhani namtania. Kwenye hoki ya kulipwa kupigana ni kosa, lakini ni kosa lenye utaratibu. Watu wawili wanavua glavu, wanazitupa chini, wanashikana jezi na kupigana ngumi. Waamuzi wanasubiri pembeni mpaka mmoja aanguke. Kisha wote wawili wanakwenda kukaa kwenye kibanda cha adhabu dakika tano, wanatoka, wanaendelea. Siku hizi imepungua, lakini bado timu nyingine zina mtu wake wa shughuli hiyo, na mara nyingi anayepigana naye hamchukii hata kidogo. Wengine wanaulizana kwanza, kwa heshima zote, kama leo itakuwepo.

Mimi niliingia timu ya ligi ya pili, ile ambayo wachezaji wake wakiiva wanaitwa juu, ligi kuu. Niliingia kama beki. Kocha alinitazama kuanzia unyayo hadi utosi, akauona urefu wangu, na mengine aliyoyaona hakuyasema maana hakuwa mjinga. Alisema timu ina upungufu wa moyo, na mimi naonekana nina moyo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba moyo, kwa kocha yule, uko ngumini. Vijana wengine wenye miguu mizito kuliko yangu walifundishwa pasi. Mimi nilipelekwa kwa mwalimu wa ndondi.

Nilipigana? Nilipigana. Na niseme wazi, nilikuwa mzuri. Sitajifanya hapa kwamba niliburutwa. Watu waliokuwa hawajui naitwa nani wakaanza kusimama nikiinuka benchini, wakawa wanagonga kioo kinachozunguka uwanja kwa furaha. Ukipigiwa makofi na ukumbi mzima, ukarudi nyumbani kwa basi la Don Mills na mfupa wa mkono unauma, unajiambia haya, na hii pia ni kazi. Kilichonikera ni kwamba hakuna aliyeniuliza tena habari za pasi zangu.

Kanisani kwetu video ikafika kabla yangu. Mama mmoja wa kwaya alikuwa nayo kwenye simu, mimi nampiga Mzungu mpaka kofia yake inaruka, ukumbi unashangilia. Ikazunguka viti vyote wakati wa matangazo. Ikamfikia mama, akaitazama mpaka mwisho, akairudisha simu kwa mwenyewe, akakunja mikono mapajani. Vijana wakaanza kuniita bondia. Mchungaji akanishika bega, akasema tutaliombea.

Na kweli wakaliombea. Akina mama wa maombi walikwishaamua kwamba nina roho ya hasira. Kwa watu wetu jambo kama hilo halina mjadala: kijana alizaliwa vitani, baba aliuawa, roho imemfuata hadi Kanada. Wakaja nyumbani wakiwa wamefunga kula, wakaniketisha sebuleni, wakanizunguka. Mmoja wao akasema si mtu tu, na vifaa viombewe. Basi likaletwa begi langu la hoki katikati ya zulia, likafunguliwa. Wewe msomaji kama hujawahi kukutana na begi la hoki, mshukuru Mungu. Akina mama wale walinyoosha mikono juu yake, wakaanza kukemea, na aliyekuwa karibu zaidi akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Wengine wakaona machozi, wakadhani roho inatoka, wakaongeza sauti. Mimi nilijing'ata mdomo nisicheke, nikaishia kupenga kamasi.

Wiki iliyofuata nikapigana tena. Mama akaniuliza taratibu, mezani, yule mtu alikukosea nini. Nikamwambia hakunikosea. Akaniuliza na yule wa kwanza. Nikamwambia hata yeye. Akaendelea kuchambua ndagala, dagaa wa kwetu.

Sasa nifike kwenye Jumamosi ninayotaka kuisimulia. Siku mbili kabla, kocha aliniita ofisini, akafunga mlango. Timu ya juu ilikuwa imempoteza mpiganaji wake, amevunjika mkono, na wakubwa wake wangekuja kutazama mechi yetu ya Jumamosi mchana. Wapinzani wetu walikuwa na jitu moja lenye shingo pana kuliko kichwa, linajulikana ligi nzima. Nikipigana nalo vizuri, naitwa juu. Ligi kuu. Mahali nilipokuwa napaota tangu siku ya yule mtoto wa kofia nyekundu. Nikamwambia kocha kwamba siku hizi hata pasi zangu za kutoka nyuma zimekuwa nzuri, labda na hizo wangependa kuziona.

"Wanakuja kuona kitu kimoja," akasema. "Usiwaonyeshe viwili."

Nilichukua glavu zangu, kiganja cha kulia kilikuwa kimetoboka, nikaenda nazo nyumbani.

Ijumaa jioni nilizikuta juu ya meza, zimepangwa vizuri kama nguo za Jumapili. Viganja vipya, safi. Lakini kwenye kifundo cha kila mkono kulikuwa na mkanda wa kitambaa cha godoro, kile kizito kisichokatika, umezunguka na kufungwa kwa vifungo vitatu. Vifungo vikubwa vya koti, vyeusi. Nikavaa moja, nikafunga vifungo, nikavuta. Glavu haikutoka. Nikatikisa mkono, haikutoka. Hapo nikaelewa, na damu ikanipanda kichwani. Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nimeshonewa glavu zisipotee.

Nikamwuliza hii ni nini. Mama alikuwa jikoni anakoroga sombe, kisamvu cha kwetu, hakugeuka. Akaeleza kwa utulivu kwamba amefikiri sana. Maombi hayakushika, labda kwa sababu mimi mwenyewe sikuamini. Lakini hasira ni kitu cha haraka. Nikitaka kumpiga mtu, itabidi kwanza nifungue vifungo sita, na kwa mikono iliyovaa glavu haitawezekana bila meno. Mpaka nimalize, hasira itakuwa imekwisha na nitamwona yule mtu ni mtu.

Nikang'aka. Nilisema mengi. Nilisema kesho ndiyo siku niliyoingoja maisha yangu yote, na yeye ananifanya kichekesho mbele ya watu. Nikafungua kopo lake la nyuzi, nikatoa mkasi. Nikamwambia hakuna hasira, mama, haijawahi kuwepo, mnahangaika na kitu ambacho hakipo. Mimi sina ugomvi na wale watu. Ni kazi. Naambiwa nenda, naenda. Nikimaliza tunasalimiana.

Alizima jiko. Akageuka, mwiko bado mkononi, akaniita vile akina mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume tangu wakiwa mgongoni.

"Papa, basi hiyo ni mbaya zaidi," akasema. "Mtu akikupiga kwa hasira, kesho anaona aibu. Wale waliokuja kwa baba yako hawakuwa na hasira. Walikuwa kazini."

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kunisimulia hata sentensi moja ya siku ile, na hakuongeza nyingine. Alirudi kwenye sufuria. Nilikaa na mkasi wangu. Nilimkasirikia, nisidanganye, nilimkasirikia kweli, kwa sababu alikuwa amesema kitu ambacho huwezi kukijibu na wala huwezi kujifanya hukukisikia. Nikala chakula chake. Mkasi nikaurudisha koponi.

Jumamosi mchana, chumba cha kubadilishia nguo, wenzangu waliona vifungo wakaangua kicheko. Kipa wetu aliuliza kama na suruali nimefungiwa. Niliwaacha wacheke, nikafunga mkono wa kushoto mwenyewe. Mkono wa kulia ukanishinda, maana huwezi kufunga kifungo ukiwa umevaa glavu. Mtunza vifaa, yule mzee, akaja akasimama mbele yangu. Alitazama mshono, akatazama uso wangu, akajua vizuri kabisa vifungo vile vina maana gani siku kama ile. Nikamnyooshea mkono. Akanifunga kimoja baada ya kingine mpaka cha juu, akaenda zake.

Kipindi cha kwanza nilicheza. Nataka hilo lijulikane. Nilitoa pasi mbili ndefu zilizopita katikati ya watu watatu, na nilimzuia mshambuliaji wao bila kumgusa, kwa kumwelekeza tu asikotaka kwenda. Kule juu kwenye viti vya wakubwa kuna mtu alikuwa anaangalia simu.

Kipindi cha pili kocha aligonga bega langu. Jitu lilikuwa limeingia, linanisubiri katikati ya uwanja, na watu walishaanza kusimama. Nikaenda. Barafu ile naijua, nimeilamba vya kutosha, lakini siku hiyo niliiona ndefu. Nilipofika, yeye akazivua glavu zake, zikaanguka, akainua ngumi. Ukumbi ukalipuka. Waamuzi wakajisogeza kando kutupisha.

Sikuvua. Nilisimama mbele yake, nikainua mikono yote miwili mpaka usawa wa macho yake, nikamwonyesha vifundo. Alikunja uso, akauliza hivyo ni nini. Nikamwambia ni vifungo, mama yangu amevishona. Alivitazama. Aliviangalia kwa makini kabisa, kisha akaniangalia mimi, na kwa muda mfupi nilimwona si jitu tena, ni kijana wa miaka yangu mwenye jino moja la bandia na mama mahali fulani.

"Samahani, ndugu," akaniambia. "Mimi niko kazini."

Halafu akanipiga. Ngumi ya kwanza ilipasua mdomo, ya pili ilinipata juu ya jicho, nikapiga goti moja, nikainuka. Mikono yangu niliiacha ndani ya glavu. Sikuiweka nyuma kama mtakatifu, nilijikinga, mimi si mwendawazimu, lakini sikurusha hata moja. Ukumbi ukaanza kunizomea, watu walewale waliokuwa wakinigongea kioo. Waamuzi wakamkamata, akapelekwa kibandani peke yake. Nikabaki nimesimama pale natema damu, nawatazama waliokuwa wananizomea, mstari mmoja baada ya mwingine. Sijawahi kujisikia mrefu kama siku ile.

Najua unasubiri goli. Unataka nikuambie kwamba wapinzani wakiwa pungufu nikachukua kisahani nikafunga, wakubwa wakasimama kupiga makofi. Halikuwepo goli. Kocha alinitoa hapohapo, akaniweka mwisho wa benchi, na sikurudi tena uwanjani. Mechi ilipoisha aliniuliza kama naelewa nilichokifanya. Nikamwambia naelewa. Aliniuliza mara ya pili, polepole, kama mtu anayezungumza na mgeni wa jana. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba naelewa vizuri kuliko yeye, na hilo hakulielewa.

Ligi kuu sikuitwa. Wiki hiyo walimwita mwingine, na msimu ulipoisha timu haikunitaka tena. Kitumbua kiliingia mchanga, kama wasemavyo Watanzania wa Parkdale. Nikaenda kucheza kwenye miji midogo ya Ulaya ambako hakuna aliyeona video yangu yoyote, kama beki, na baadaye nikarudi Toronto nikacheza tena, kama beki, mpaka goti likasema basi. Kule kote nilifunga vifungo vyangu. Wapo wanaosema nilichezea bahati, akiwemo binamu yangu wa Mount Dennis anayelisema hilo kila Krismasi akishashiba. Wacha aseme. Miguu niliyoitumia ilikuwa yangu, na hakuna mtu duniani aliyeamka kesho yake na taya limevunjika kwa sababu mimi nilikuwa kazini.

Lakini hayo yote yalikuja baadaye. Jumamosi ile nilipanda basi na begi langu, mdomo umevimba, abiria wananipa nafasi bila kuombwa. Bado kulikuwa na mwanga nilipofika. Mama alifungua mlango, akauona uso wangu, akashika ukuta. Nilimwona anahesabu moyoni, anaona damu, anajua kilichotokea, au anadhani anajua. Hakuniuliza nimeumia wapi. Aliniondolea begi begani, akalifungua pale pale mlangoni, akatoa glavu.

"Umefungua vingapi?" akaniuliza.

Sikuwa na mdomo wa kuongea vizuri. Zilitoka mikononi mwangu baada ya mechi, mzee yule alinifungulia kimyakimya kama alivyonifunga, na kisha akavifunga tena vyote sita kabla ya kuzitia begini. Mama akapitisha kidole juu ya kila kimoja. Nikatikisa kichwa.

Akaenda kwenye friji, akatoa barafu, akaifunga kwenye kitenge, akaniwekea mdomoni. Kisha akaketi kwenye cherehani na glavu zangu, akavaa miwani, akaanza kukaza uzi wa kifungo kimoja kilicholegea.